Siku Sabini na Sita za Kumzika Birago

Asuokrom, Jumatatu, 12 Novemba 2018

Leo ni miaka hamsini na minne na miezi tisa tangu niiache Pemba, na miaka hamsini kasoro miezi miwili tangu nifike mji huu wa Ghana kufundisha jiografia kwa mkataba wa miaka miwili. Naandika hesabu hizo kwa sababu jana imeanza nyingine. Mke wangu, Yaa Birago, alifariki jana Jumapili, saa mbili asubuhi. Alikuwa uani anageuza kakao yake kwenye majamvi. Nilimsikia akisema, "Mwalimu, hebu njoo uone," nikamjibu nakuja, nikamaliza kwanza ukurasa niliokuwa nasoma. Nilipofika alikuwa amelala ubavu juu ya kakao. Sijui alitaka nione nini.

Kwetu, ilipofika alasiri angekuwa ameshastiriwa. Hapa walikuja watu wa ukoo wake, wakamfunika kwa vitambaa vyake mwenyewe, wakampeleka kwenye friji la hospitali ya wilaya. Binti yetu Abena, muuguzi wa Kumasi, alifika saa nane mchana akatia saini. Mimi nilisimama nimeshika ndala za mama yake.

"Atakaa humo siku ngapi?" nikamwuliza.

"Baba, mji huu unaujua kuliko mimi. Mpaka ukoo ukae."

Kweli naujua. Nimehudhuria mamia ya misiba hapa, nikakaa kwenye viti vya wageni, nikapeana mikono, nikala, nikaondoka. Sikuwahi kufikiria friji lile lina baridi kiasi gani.

Jumanne, 13 Novemba

Dada yangu Zuwena amepiga simu kutoka Wete. Mwanawe Mbarouk humshikia simu, maana mikono yake imevimba kwa ugonjwa wa figo.

"Umeshamzika mwenzio?"

"Bado, dada."

Nikamsikia akimwambia Mbarouk aisogeze simu.

"Maiti hawekwi, Haroub. Mzike, kisha uje. Nimekungoja tangu nina miaka ishirini na mitano. Nitangoja kidogo tena, lakini usinizoee."

Nimemwahidi kwamba nikishamzika Birago tu, naja. Ni mara ya kwanza kumwahidi jambo hilo nikiwa na nia ya kulitimiza.

Jumatano, 14 Novemba

Nimefanya kosa. Naliandika lilivyokuwa.

Niliondoka kwa miguu, peke yangu, sikumwambia hata Abena, nikaenda kwa Mzee Nsowah, mkuu wa ukoo wa Birago na binamu yake upande wa mama. Nilimkuta anakula fufu barazani na wapwa zake wawili. Najua desturi: mgeni hukaribishwa kiti, hupewa maji, huulizwa habari za njia, naye hujibu kwa kinywa cha mtu mwingine aliyekuja naye. Nimewafundisha watoto wa watu hawa, nimeyaona hayo mara elfu. Kiti nilikataa. Maji nilikataa pia.

"Nimekuja kwa ajili ya mke wangu," nikasema. "Nataka kumzika Ijumaa."

Mzee Nsowah alinawa mkono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mwalimu, umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Basi hujafika."

"Niko mbele yako, Mzee."

"Nakuona. Lakini hujafika."

Mmoja wa wapwa akacheka. "Mwalimu anadhani Birago ni daftari alilolisahau darasani. Karudi kulichukua."

"Nimeishi naye miaka arobaini na sita," nikamwambia mzee.

"Tunajua. Na tunakushukuru. Mke alikuwa wako, Mwalimu. Maiti ni wa ukoo."

Hapo ndipo nikasema. Nilisema, kwa Kitwi safi kabisa ambacho Birago alinifundisha, kwamba wao ni watu wanaomweka mtu kwenye barafu kama samaki wa kusubiri bei.

Mke wa Nsowah, aliyekuwa mlangoni na bakuli la maji niliyoyakataa, aliyamwaga uani, akaingia ndani. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Alhamisi, 15 Novemba

Joto. Hakuna aliyekuja.

Jumapili, 18 Novemba

Kikao cha wiki moja. Mahema, viti, vitambaa vyeusi na vyekundu, spika mbili kubwa kama kabati. Siku hii ndiyo ukoo hutangaza tarehe ya mazishi. Msemaji wa Nsowah alisimama akataja ukoo, akataja kanisa, akamtaja Abena na watoto wake, kisha akasema tarehe haiwezi kutajwa kwa kuwa mume wa marehemu hajafika.

Nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka kwake. Watu mia mbili waligeuka kunitazama, kisha kwa adabu wakatazama pengine.

Jioni Abena alikaa nami jikoni.

"Ulikwenda kuwaambia nini, Baba?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye neno la samaki alifumba macho.

"Yule ni mama yangu. Mimi pia ni wa ukoo ule. Mimi ndiye niliyetia saini kwenye lile friji."

"Si wewe niliyekutukana."

"Ulimtukana nani, basi?"

Akanieleza kama anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa: inabidi nirudi na watu wangu, na kinywaji, na maneno ya kuomba radhi. Baadaye, siku ya mazishi, nilete jeneza. "Jeneza ni lako, Baba. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulileta. Ndiyo kazi ya mwisho ya mume. Lakini halibebwi na mtu mmoja."

"Mimi sina watu hapa."

"Ulipokuja kumwoa mama ulikuja na nani?"

"Mwalimu mkuu wetu, Mzee Ansah. Amekufa tangu themanini na saba."

"Basi tafuta."

Sikutafuta.

Jumanne, 20 Novemba

Nimegeuza kakao.

Jumamosi, 24 Novemba

Nimegeuza kakao. Zuwena: "Bado?" Mimi: "Bado." Akaongea na Mbarouk pembeni, nikasikia, "Huyu kaka yangu ataniua yeye kabla ya figo."

Jumatano, 28 Novemba

Alhaji Seidu, mchinjaji wa Zongo, mtaa wa Waislamu, ambaye kwa miaka thelathini tunasali safu moja, alinishika mkono nje ya msikiti. Alisema yuko tayari kukusanya wazee kumi wa Zongo wasimame nyuma yangu kwa Nsowah. Wote ni wageni wa mji huu, wengine kwa vizazi vitatu.

"Sitaomba ruhusa ya kumzika mke wangu," nikamwambia.

"Kiburi ni cha mwenye ng'ombe mia, Mwalimu. Wewe una mbuzi mmoja na amefungwa kwa watu."

Kisha akanipa habari ambayo mimi mwenyewe nilipaswa kuikumbuka. Kuanzia tarehe kumi Desemba, chifu anapiga marufuku misiba kwa wiki sita, kama kila mwaka kabla ya sherehe za viti vya mababu. Jumamosi ya mwisho ya kuzika ni tarehe nane.

"Ikikupita hiyo, mkeo ataupokea mwaka mpya humo humo."

Nilimsikia vizuri. Nilirudi nyumbani, nikafagia uani, nikasoma.

Jumamosi, 1 Desemba

Harmatani, upepo wa vumbi la jangwani, imefika. Asubuhi jua lilikuwa jeupe kama sahani. Vumbi juu ya meza, juu ya kitanda upande wake. Midomo imepasuka.

Jumanne, 4 Desemba

Saa nne asubuhi aliingia Maame Pokuaa, mwenye duka la vitenge karibu na kituo cha mafuta. Hakubisha hodi. Ni mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu. Alivuta kiti akaketi katikati ya sebule, akanitazama.

"Umekonda kama ufagio."

"Karibu maji, Maame."

"Loo, leo unajua maji." Akanywa, akaweka kikombe chini. "Mimi ni nani kwa Mzee Ansah?"

"Mpwa wake."

"Na Ansah alikuwa nani kwako?"

"Mwalimu wangu mkuu."

"Hapo ndipo ulipopotea. Mwaka sabini na mbili Ansah alikwenda kukuombea Birago. Nilikuwa na miaka minane, nilibeba kikapu cha chupa kichwani, shingo iliniuma siku mbili. Wale watu wakamwuliza, huyu kijana asiye na kwao ni nani? Ansah akasema, 'Ni mwanangu.' Hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani ni maneno ya shughuli.

"Ansah amekufa, sawa. Kiti chake anakikalia kaka yangu Dartey. Neno la Ansah liko kinywani mwa Dartey. Miaka arobaini na sita wewe ni mtu wetu, na kila tukifiwa unakuja unakaa na wageni. Unatupa mkono kama mkaguzi wa shule. Unakula wali, unaondoka. Mama yangu alipokufa tulikuwekea kiti upande wetu. Kilikaa kitupu siku nzima. Mama alikuwa anakupenda sana."

"Hamkuniambia kamwe, Maame."

"Mtoto wa nyumba huambiwa kwamba ni wa nyumba?"

Nikauliza kwa nini basi hawakuja wiki hizi tatu.

"Tulingoja utuite. Mwenye msiba ndiye huita watu wake. Tukija bila kuitwa, tutasema nini kwa Nsowah? Kwamba mwanetu ametukana watu na hata sisi hatutaki? Leo nimekuja kwa sababu nimechoka. Dartey hajui niko hapa."

Nililia mbele yake. Tangu tarehe kumi na moja sikuwa nimelia. Hakunibembeleza. Alichukua ufagio, akafagia vumbi la sebuleni mpaka nilipomaliza.

"Tarehe nane tunaiwahi?" nikamwuliza.

Alihesabu kwa vidole. Kuomba radhi, keshokutwa. Jeneza halijachongwa. Mabango hayajachapwa. Ndugu wa mbali hawajaitwa.

"Ungekuja siku ya pili, Mwalimu," akasema. "Hata siku ya kumi."

Alhamisi, 6 Desemba

Tulikuwa kumi na mmoja. Dartey mbele na kitambaa cha rangi ya udongo, Alhaji Seidu nyuma kwa hiari yake mwenyewe. Tulikaa tulipoonyeshwa. Tulikunywa maji. Tuliulizwa habari za njia, na kwa kuwa ni mwendo wa dakika nane, msemaji wetu aliieleza safari hiyo kama mtu aliyevuka mito. Mimi sikutoa neno. Chupa mbili za kinywaji na kondoo mmoja vilipokewa.

"Na ile habari ya samaki?" akauliza Nsowah.

"Mwanetu hajui kulia," akajibu Dartey. "Aliyekosa machozi hutukana."

Nsowah alinitazama kwa muda. "Sasa umefika," akasema.

Tarehe ni 26 Januari. Tulipoinuka, mzee alinishika kiwiko akaniambia mwenyewe, bila msemaji: "Tulikuwa tumeiweka tarehe nane. Watu wa Kumasi tulishawaambia wajiandae. Tulikungoja mpaka Jumapili hii iliyopita, baada ya kanisa."

Wiki zote zile nilikuwa naandika kichwani kesi ya watu wakatili wanaonikomoa. Walikuwa wanaangalia barabara kama naja.

Ijumaa, 7 Desemba

Nimemwambia Zuwena. Hakunilaumu. Alisema, "Januari ni karibu," kwa sauti ile aliyokuwa akiniambia nilipokuwa mdogo kwamba sindano haiumi.

Mbarouk alitoka nje na simu. "Mjomba, njoo sasa. Umwone, kisha urudi uzike. Daktari hadhani atafika Januari."

Jumapili, 9 Desemba

Nimekwenda kwa Nsowah tena, safari hii na Dartey. Nilimweleza habari za dada.

"Una dada wa tumbo moja, na ana mtoto wa kiume?" akauliza Nsowah. "Basi kumbe ukoo unao. Kwa hesabu yetu ya upande wa mama, huo ndio ukoo wenyewe. Nenda. Hakuna atakayekuzuia."

"Na nikichelewa kurudi?"

"Jeneza huletwa na mume. Mume asipokuwepo, ukoo utanunua lake, na itasemwa hivyo kaburini, mbele ya watu. Sisi hatutapenda kuisema."

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Nina miaka sabini na mitano, na moyo ambao daktari anausikiliza mara mbili. Safari ni ndege tatu na boti. Zuwena ana mwana, wajukuu kumi na wawili na mtaa mzima unaoingia na kutoka mlangoni kwake. Birago yuko peke yake kwenye droo. Nimeamua kubaki. Nikishazika, siku ya tatu nitapanda ndege.

Jumatano, 19 Desemba

Vumbi. Kwa seremala. Nimechagua mvule.

Jumanne, 25 Desemba

Kengele za kanisa lake. Abena alinipikia. Hatukuweza kula.

Jumatano, 2 Januari 2019

Vumbi. Watu wa ukoo wamekuja kuchukua magunia ya kakao. Shamba ni lao sasa. Majamvi wameyakunja vizuri, wakayaegemeza ukutani. Uani pamekuwa papana mno.

Jumatatu, 7 Januari

Zuwena hakuweza kuongea. Mbarouk aliweka simu mdomoni mwake nikasikia pumzi. Nilimsimulia njia ya kutoka nyumbani kwetu hadi chuoni tulikosomea Kurani, nyumba kwa nyumba, kama ilivyokuwa. Mbarouk alisema alikuwa anatikisa kichwa nilipokosea.

Ijumaa, 11 Januari

Simu niliizima tangu jana kwa sababu ya chaji. Nimeifungua saa saba na nusu, nikitoka kusali Ijumaa. Jumbe tatu zimeingia kwa pamoja, zote za Mbarouk.

Mama ametangulia alfajiri.

Tutamsalia baada ya Ijumaa.

Tumeshamzika, Mjomba. Mungu amrehemu.

Pemba ni saa tatu mbele yetu. Mimi nilipokuwa natawadha, watu walikuwa wameshakung'uta udongo mikononi.

Nilitaka nimlaumu mtu. Nimepitia majina yote. Kama ningekunywa maji yale ya Nsowah. Kama ningekubali watu wa Alhaji Seidu. Kama ningekumbuka maneno ya Ansah. Birago angezikwa tarehe nane Desemba, na tarehe kumi na moja mimi ningekuwa Wete, nimekaa kitandani kwa dada yangu, siku thelathini nzima kabla hajafa. Nimeihesabu mara nyingi. Inatoka thelathini na moja.

Jioni walikuja Nsowah na wazee wanne wamevaa nyekundu. Pokuaa alikuwa amewaambia. Wakakaa. Niliwapa maji, wakanywa.

"Amewekwa hospitali gani?" akauliza Nsowah.

"Ameshazikwa, Mzee."

"Lini?"

"Leo."

Wakatazamana.

"Amekufa lini?"

"Leo."

Nsowah aliinama, akaushika uso wake kwa mikono miwili. Alipoinuka aliongea taratibu, akichagua maneno kama anayehofia kuniumiza. "Mwalimu, nani alimlilia? Mtu aliyekungoja miaka yote hiyo. Wamemharakisha hivyo kwa nini?"

Sikukasirika. Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu haraka ndiyo heshima. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na nikaona kwamba haamini, na kwamba anajitahidi kwa ajili yangu. Nadhani mimi sikuwahi kujitahidi kiasi hicho kwa ajili yao.

Jumapili, 20 Januari

Bango limebandikwa kwenye lango letu. Birago anacheka ndani ya picha ya harusi ya Abena. Chini, baada ya ukoo, wajomba na watoto: Mume, Mwalimu Haroub, wa nyumba ya Ansah.

Jumamosi, 26 Januari

Alfajiri watu wa Ansah walikuja kunichukua. Tulilibeba jeneza tukiwa wanane. Mimi nilishika pembe ya mbele upande wa kulia, na Alhaji Seidu alikuwa nyuma yangu ananung'unika kwamba mvule hauchagui mzee. Mlangoni kwa Nsowah tuliulizwa sisi ni nani. Dartey akajibu: "Ni watu wa mume." Wakatufungulia.

Wakaniruhusu niingie kwanza, peke yangu, kabla ya umma. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha shaba, amevaa kitambaa cha kente na dhahabu za ukoo ambazo hakuwahi kuzivaa uhai wake wote. Alikuwa mdogo na mweusi zaidi. Walimpaka poda. Nilimgusa paji la uso. Kwa siku sabini na sita nilikuwa na ghadhabu juu ya baridi hiyo, na sasa sikuisikia kama jambo baya. Ilikuwa baridi ya kitu kilichotunzwa. Nilimwomba radhi kwa ule ukurasa. Nilisoma Fatiha kwa sauti ndogo, na dada wa ukoo aliyekuwa anampepea alisimamisha upepeo mpaka nilipomaliza.

Tulimzika saa tisa alasiri kwenye makaburi ya kanisa lake. Udongo ulikuwa mkavu, ukageuka vumbi kabla haujafika chini.

Jumanne, 29 Januari

Hii ndiyo siku niliyokuwa nimejiwekea ya kupanda ndege. Nimelala mpaka saa tano.

Jumamosi, 9 Februari

Mvua ya kwanza, dakika kumi.

Ijumaa, 15 Februari

Mbarouk amepiga simu. Chumba cha mama yake wamekipaka chokaa. Wajukuu wameambiwa kwamba babu wa Afrika Magharibi anakuja, na mdogo wao ameuliza kama najua Kiswahili.

"Lini, Mjomba? Nikate tiketi?"

Nilimwambia kwamba mtu niliyekuwa namwendea nimemkosa kwa kosa langu, na kwamba sina uso wa kukaa kwenye chumba chake. Alianza kunipinga, kijana mwema. Nikamwambia na lile jingine, ambalo ni kweli zaidi: kwamba huko sasa hakuna aliyebaki anayeweza kunisahihisha nikikosea jina la nyumba, na huku kuna kaburi ambalo mume anadaiwa mwaka mmoja wa nguo nyeusi, na watu watakaoulizwa habari zangu nikifa. Wataniweka kwenye friji, nikamwambia. Watachelewa sana. Usiwakasirikie.

Kisha akauliza wampe nani kile chumba.

Nimemwambia wampe yeyote anayekihitaji. Mimi sitarudi.